Cherehani kuukuu: soma namba kabla ya kutoa pesa

Jumapili asubuhi huwa naanzia soko la Kibuye, hapa Kisumu, kwa wauzaji wa vyuma na vyombo kuukuu. Nikisikia kuna familia inayohama Milimani na vitu vyao vimeanikwa uani viuzwe, naenda huko pia. Mimi ni fundi wa cherehani, na ninachotafuta ni Singer za zamani, zile nyeusi zenye nakshi ya dhahabu.

Jina pekee lisikutoe pesa. Kuna mashine nyingi zilizoigwa ambazo hubandikwa nembo ya Singer, na mwaka mmoja nililipa pesa nzuri kwa mojawapo. Tangu siku hiyo huinama kwanza nisome namba iliyogongwa juu ya kitako, upande wa kulia. Ikianza na herufi G, ilitoka Elizabeth, New Jersey, Marekani. Ikianza na EA, EB na kuendelea, ni ya kiwanda cha Clydebank, Uskoti, na herufi hizo mbilimbili zilianza mwaka 1935. Kiwanda hicho kilifungwa 1980, kwa hiyo ukipata mashine yake usiiachie.

Kisha vuta kile kibati cha kuteleza kilicho karibu na sindano. Ukiona nafasi ya bobini (kizungushio cha uzi wa chini) ndefu nyembamba, inayokaa ndani ya kitu chenye umbo la mtumbwi, hakikisha mtumbwi wenyewe upo. Mtumbwi huo ukiwa umepotea, utazunguka mji mzima kuutafuta. Bobini ya mviringo haisumbui, maduka ya vifaa vya kushonea wanayo.

Sasa gurudumu. Watu huligusa, likigoma wanasema mashine imekufa. Mara nyingi haijafa. Imetiwa mafuta ya kupikia, yakakauka yakawa kama gundi. Majuzi Milimani niliuziwa mashine moja ya namba inayoanza na EF kwa shilingi 2,500 kwa sababu hiyo tu. Gurudumu halikusogea hata unywele. Nyumbani nilidondoshea mafuta ya taa kwenye kila tundu na kila kiungo, nikaiacha ilale. Asubuhi nikalivuta kuelekea kwangu, polepole. Likaenda robo, likakwama. Nikafuta utando wa kahawia uliokuwa ukitoka, nikadondoshea tena. Usilazimishe kwa nyundo wala kwa spana, tafadhali. Na kitambaa chenye spiriti kisifike kwenye nakshi, kitaing'oa pamoja na vanishi.

Kutu ndiyo inayonitisha zaidi, hasa hapa kwetu penye unyevu wa ziwa. Ya juu juu haina neno. Lakini kama imekula meno ya kusukuma kitambaa au mhimili wa sindano, mwachie muuzaji mashine yake hata akikushushia bei.

Siku ya tatu EF ilizunguka kwa kidole kimoja. Nikaitia mafuta halisi ya cherehani, nikabadilisha mkanda wa ngozi, nikaijaribu kwenye kaki iliyokunjwa mara nne. Mshono ukanyooka juu na chini. Sasa iko Kondele kwa mama mmoja anayeshona sare za shule.