"Ni mimi niliyemuua mwanangu": maswali ya akina mama waliopoteza mimba, na majibu ya mkunga

Kuna mgonjwa ninayemtambua kabla hajakaa kwenye kiti. Kichwa kinamuuma hakiponi, moyo unamwenda mbio, usingizi hana. Ameshapimwa malaria mara tatu, amepewa panadoli na vitamini, karudi vilevile. Nikifunua kadi yake ya kliniki naona mimba ya mwisho iliharibika, au mtoto alizaliwa mfu, miezi minane nyuma. Nikimuuliza habari za mtoto yule, kichwa kinasahaulika na machozi yanaanza. Maswali haya ndiyo wanayoniuliza, wengi wao mlango ukishafungwa.

Mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa mfu ni kitu kimoja?

Kwenye vitabu vyetu, hapana. Akifia tumboni kuanzia wiki ya 28 tunamhesabu mtoto mfu, na kabla ya hapo tunaandika mimba kuharibika. Tofauti hiyo ni ya karatasi. Mama wa wiki ya 10 naye alishachagua jina.

Nilibeba ndoo ya maji. Niligombana na mume wangu. Zamani nilitumia sindano za uzazi wa mpango. Si ndiyo sababu?

Hapana, hapana, na hapana.

Katika kila mimba 100 zinazojulikana, kati ya 10 na 20 huharibika, nyingi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Karibu nusu ya hizo za mwanzo zilikuwa na kasoro ya kromosomu, yaani vibeba urithi vya mtoto, tangu yai lilipokutana na mbegu. Wewe ulikuwa hujui hata kama una mimba. Ndoo ya maji haing'oi mimba iliyo salama, wala ugomvi wa jioni moja, wala tendo la ndoa. Sindano, vidonge au kijiti ulichotumia zamani navyo havihusiki, na anayeeneza hilo mtaani angetusaidia sana kama angenyamaza.

Kwa mimba zilizokua, tunachokiona sana ni presha na kifafa cha mimba, malaria, kaswende, kondo la nyuma kuachia kabla ya wakati, na mtoto kukosa hewa wakati wa uchungu. Zaidi ya moja kati ya hizo haina dalili ambayo mama angeihisi jikoni kwake. Ndiyo maana tunakupima.

Mawifi wananiuliza nilikula nini, nilikwenda wapi. Niwajibu nini?

Usiwajibu. Na hapa naomba niseme na mawifi wenyewe, mama mkwe na majirani. Mtu ametoka kuzika, maziwa yanamjaa kifuani siku ya tatu na hana wa kumnyonyesha, halafu ninyi mmekaa kwenye mkeka mnaendesha kesi. Nimeona wanawake waliotoka wodini wakiwa na huzuni ya kawaida, wakarudi wiki nne baadaye wakiwa wagonjwa kwa maneno ya nyumbani. Pikeni uji, chukueni ndoo, fueni kanga zake, mwacheni alie. Na ile "usilie, utapata mwingine" nayo muiache. Yeye anamlilia huyu.

Na kama kweli nilikosea? Niliona damu nikangoja hadi asubuhi.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na sitakudanganya kwamba kuchelewa hakuna madhara. Kuna madhara. Lakini nijibu na mimi: usiku ule ulikuwa unajua nini? Ulikuwa na nauli? Bajaji ilipatikana? Kuna mtu mzima uliyemwambia akakujibu "ni kawaida, lala"? Mama anayejihukumu huwa anatumia alichokijua asubuhi kumhukumu mwanamke wa saa tano usiku, ambaye alikuwa hakijui.

Ukitoa yote hayo na bado kuna kosa lililobaki, basi liite kosa, kwa ukubwa wake. "Nilichelewa" ni kosa. "Mimi ni muuaji" ni uongo, na huo uongo ndio unaougua. Kosa lina njia ya kutoka: litamke mbele ya mtu mmoja unayemwamini, liombee msamaha kwa Mungu wako kama una imani, kisha fanya kinachorekebishika. Njoo tukueleze kilichotokea kwa kadiri tunavyojua. Upimwe kaswende na presha kabla ya mimba nyingine, uanze vidonge vya foliki asidi mapema, uhudhurie kliniki tangu miezi ya mwanzo. Jirani yako akiona damu, wewe ndiye utakayemwambia tuondoke sasa hivi.

Wengine wanapenda kuandika barua kwa mtoto. Wengine wanampa jina na kulitamka. Usipoweza kuandika, sema kwa sauti ukiwa peke yako. Haimalizi mara moja. Utajisamehe Jumatatu, Alhamisi utaanza tena kujihukumu, utarudia.

Nikijisamehe si nitakuwa nimemsahau? Si ni kutompenda?

Hapana. Kujitesa si kumpenda. Narudia kwa sababu kila wiki nalisikia: kujitesa si kumpenda. Nimemwona mama aliyeacha kula chakula cha mchana "kwa sababu mwanangu hali". Nimemwona aliyeacha vidonge vyake vya presha, na mwingine dawa zake za ARV, akisema hastahili kupona. Huko si kuomboleza tena. Mtoto hakumpata mama kupitia njaa hiyo, ila watoto wawili waliobaki nyumbani walikaribia kumpoteza mama yao.

Usiache dawa zako. Kama umeshaacha, njoo kesho. Hatutakugombeza, na yeyote kati yetu atakayekugombeza, mwombe mwingine.

Nimeambiwa ningoje arobaini ipite, muda utaponya.

Hapa ndipo ninapowapoteza wengi. Arobaini ni mila ya msiba, haikuwekwa kuwa kipimo cha ugonjwa. Huzuni ya kawaida huja kama mawimbi: unalia, halafu kuna saa unakula, unacheka na mtoto wa jirani. Sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, haina saa hiyo. Kama kwa wiki mbili, karibu kila siku, kutwa nzima, moyo ni mzito, hakuna kinachokufurahisha, usingizi umepotea au umezidi, na unajiona huna thamani, njoo. Usingoje arobaini. Usingoje mwaka. Usingoje mkesha wa maombi uishe. Nenda kwenye maombi, na hospitali uje.

Na kama umeanza kuwaza ni bora ufe umfuate mtoto, au unasikia sauti zinazokuamuru kujidhuru wewe au mtoto mwingine, hizo wiki mbili hazikuhusu. Ni leo. Hata kama ni usiku, ni leo. Wa nyumbani, msimwache peke yake, ondoeni dawa za shamba na vidonge mahali anapoweza kuvifikia, mleteni. Usimwambie ana imani haba. Usimwambie "acha kudeka". Mlete.

Mume wangu haongei, amezidisha pombe. Ananilaumu?

Huenda anajilaumu yeye. Wanaume nao wana ule usiku wao: "mimi ndiye niliyesema tusubiri kupambazuke." Hakuna anayewauliza, kwa sababu wodini tunawaacha nje ya geti. Pombe haiondoi hatia, inaahirisha tu hadi asubuhi na kuongeza nyingine juu yake. Njooni wawili.

Nikisema haya si nitapelekwa Mirembe?

Watu wanaitaja Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kama vile ni adhabu. Wengi hawafiki hata huko. Wanatibiwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya na kurudi kulala nyumbani. Wengine wanahitaji mazungumzo tu, mara kadhaa, na mtu aliyefunzwa. Wengine wanaongezewa dawa ya sonona kama fluoksetini, ambayo huchukua wiki mbili hadi nne, pengine sita, kabla ya kuonekana inasaidia. Wengi wanaiacha siku ya tano wakisema haifanyi kazi. Jamani, haijaanza kazi. Haina ulevi wa kukufanya mtumwa, ila usiikatize ghafla bila kutuuliza. Na kama unanyonyesha au una mimba, sema kabla ya kuandikiwa.

Nikifika dirishani, nyuma yangu kuna foleni, niseme nini?

Huhitaji kusimulia msiba wako pale mapokezi. Sema: "Nilipoteza mtoto, silali, naomba kuonana na mtu faragha." Akikuuliza zaidi, rudia hivyohivyo. Njoo na kadi ya kliniki ya mimba ile kama bado unayo. Kama uliichoma, njoo hivyohivyo. Umri wa mimba na tarehe tutaviandika upya kwa maneno yako.