Mashine haikujui, inakufananisha tu

Kila nikimaliza kufunga mtambo wa alama za vidole, mtu wa kwanza kuujaribu hufanya jambo lilelile. Anaweka kidole, taa ya kijani inawaka, anageuka akicheka: "Imenijua!" Mimi hunyamaza. Haijamjua. Imelinganisha kidole chake na kumbukumbu iliyonayo, ikapata namba ya mfanano, na namba hiyo imevuka kizingiti nilichokiweka mimi nusu saa iliyopita.

Ngozi ya ncha ya kidole ina matuta membamba yanayojengeka mtoto akiwa bado tumboni. Mazingira ya humo huyapinda kila moja kivyake, ndiyo maana hata mapacha wa kufanana hutofautiana alama za vidole. Mtambo hutafuta mahali tuta linapokatika na mahali linapogawanyika kama njia panda, kisha huandika kila nukta iko wapi na imeelekea wapi. Orodha hiyo ya nukta tunaiita kiolezo. Picha yenyewe inaweza kutupwa baada ya hapo. Wateja wanaotaka kubaki nayo huwa nawauliza ya nini.

Sasa, kidole hakisomeki sawasawa mara mbili. Leo kina jasho, kesho kimekauka, keshokutwa umekikandamiza zaidi. (Mfanano wa asilimia 100 ndio unaonitia shaka: yawezekana mtu ameirudisha data ya jana bila kidole chochote.) Kwa hiyo lazima tukubali kiasi fulani cha tofauti, na hapo makosa mawili huanza kuvutana: kumpokea asiyehusika na kumkataa mwenyewe. Ukipandisha kizingiti, mgeni anakwama lakini na mwenye haki anakwama. Ukikishusha, wote wanapita. Mteja anayedai sifuri pande zote mbili anadai kitu ambacho sijawahi kukiona kikiuzwa.

Kinachowaponza wengi ni kutotenganisha maswali mawili. "Je, huyu ndiye anayejidai kuwa?" ni swali la ulinganisho mmoja. "Huyu ni nani kati ya wote?" ni ulinganisho mara nyingi kadiri watu walivyo. Apple walipotoa Touch ID, kisoma vidole cha simu zao, mwaka 2013 walisema uwezekano wa kidole cha mtu mwingine kufungua simu ni 1 kati ya 50,000. Kwa simu ya mfukoni hiyo inatosha sana. Chukua kiwango hichohicho ukatafute kidole kimoja katika hifadhidata ya watu milioni 1: wastani utapata watu 20 wasiohusika. India walipoanzisha Aadhaar, mfumo wao wa utambulisho wa wakazi ambao sasa una watu zaidi ya bilioni 1, walichukua vidole vyote 10, irisi za macho yote mawili na picha ya uso. Kidole kimoja kisingeweza kuubeba mzigo huo.

Irisi, ile pete ya rangi inayozunguka mboni, ndiyo ninayoipenda zaidi. John Daugman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliigeuza kuwa msimbo wa biti 2,048, yaani sifuri na moja zilizopangwa. Macho ya watu wawili tofauti hutofautiana karibu nusu ya biti hizo, kama vile umerusha sarafu. Jicho lilelile likipigwa picha tena hutofautiana kidogo sana. Kati ya makundi hayo pana pengo pana la kuwekea kizingiti, na mtu wa fani yangu akiona pengo kama hilo hulala vizuri. Kamera hutumia mwanga wa infraredi usioonekana, kwa sababu jicho jeusi huonyesha nakshi zake vizuri chini ya mwanga huo. Ubaya wake ni kamera maalumu na mtu kusimama akitulia.

Uso ni rahisi kuliko vyote, na huo ndio wasiwasi wangu: hauhitaji ridhaa ya mtu. Mwaka 2019 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilionyesha kwamba algoriti nyingi, yaani kanuni za kompyuta za kutambua nyuso, hukosea zaidi kwa nyuso za watu wenye asili ya Afrika na Asia, baadhi yake mara 10 hadi 100. Kulinganisha uso na picha ya pasipoti mpakani, sawa. Kuokota mtu katika umati, sikubali kazi hiyo. Sauti nimeacha kuipendekeza tangu kompyuta zilipojifunza kuiga.

Na kiolezo kikiibwa? Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilipoteza alama za vidole za watu milioni 5.6. Nywila hubadilishwa, kidole utakibadilisha na nini? Ndiyo sababu napenda kiolezo kikae ndani ya simu au kadi ya mwenyewe, kisirundikwe mahali pamoja.

Kosa langu kubwa halikuhusu wizi. Kwenye eneo moja la ujenzi nilikaza kizingiti ili watu wasigongeane mahudhurio. Fundi mwashi mmoja, saruji imemla matuta yote, akahesabiwa hayupo siku kadhaa huku akijenga ukuta mbele ya macho yetu. Tulimsajili upya kwa vidole vinne badala ya kimoja, na msimamizi akakabidhiwa daftari la kuandika majina ya wanaokataliwa. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubali.