Mavazi ya tabaka: maana yake kwa mtu wa pwani anayepanda Kilimanjaro

Mavazi ya tabaka ni mpango wa kuvaa nguo kadhaa nyepesi, moja juu ya nyingine, kila moja na kazi yake, badala ya kutegemea koti moja zito. Ya ndani huondoa jasho mwilini, ya kati hutunza joto, ya nje huzuia upepo na mvua. Mpandaji huzivaa na kuzivua kutwa nzima kufuatana na mwendo na hewa. Huko kuvua ndiko watu wengi wanakokusahau.

Kwa aliyezoea joto la Mikindani au Kilwa, kwanza apige hesabu. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 hivi kila unapopanda mita 1,000. Ndiyo maana anayetoka Mtwara mjini kwenda Newala, juu kwenye Uwanda wa Makonde, hubeba sweta mwezi wa Juni na hakuna anayemcheka. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Usiku ambao Mtwara ina nyuzi 24, hesabu hiyohiyo inakufikisha kama nyuzi 14 chini ya sifuri, na upepo hujauhesabu. Tena kilele hupandwa usiku: watu wengi huondoka kambi za Kibo au Barafu mnamo saa sita ili jua liwakute juu. Lakini safari hiyohiyo, kwa njia ya Marangu, inaanzia msituni kwenye mita 1,900 hivi, ambako ukitembea na begi mgongoni unalowa jasho kama uko shambani unapalilia. Koti moja haliwezi hali zote hizo.

Baridi yenyewe wengi huiogopa na kujiandaa nayo. Linalowaponza ni jasho. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo nguo iliyolowa hukunyang'anya joto bila wewe kujua. Fulana ya pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Hapa pwani hiyo ni neema, inakupoza. Kule mita 4,000, ukisimama tu kunywa maji, fulana ileile inaanza kukutetemesha. Jezi ya Namungo au ya Ndanda, kwa kuwa ni ya polista, itakufaa zaidi ya fulana nzuri ya pamba uliyoinunua kwa bei kubwa, maana hukauka upesi. Sufu laini ni bora zaidi, kwa kuwa hata ikipata unyevu bado inatunza joto. Na hesabu hii haikomei kwenye fulana: chupi, sidiria na soksi za pamba zina tabia ileile.

Tabaka la kati ndilo lenye joto, ingawa kwa kweli kinachokupasha si kitambaa bali hewa iliyonaswa ndani yake. Jaketi la manyoya ya bata hufanya kazi kama mto wa sufi: ukiwa umeumuka ni raha tupu, ukilowa unashikana mabonge na hauna maana tena. Kwa hiyo ukilikuta kwenye mitumba, libonyeze kisha uliachie. Likiinuka lenyewe, ni zima. Ukipapasa ukakuta mabonge kwenye pembe, liache. Tafuta pia sweta la polista lenye manyoya mafupi, lile jepesi lisilohitaji pasi. Soko la mitumba la kwetu ni zuri kwa bidhaa hizi, maana koti la baridi huku halina mnunuzi na bei yake inazungumzika.

La nje ni ukuta tu. Koti la plastiki kama la wavuvi linazuia mvua barabara, ila linafungia na jasho ndani, ukafika kambini umelowa na mvua haijakugusa. Afadhali lenye zipu za kwapani au kitambaa kinachopumua. Lijaribu ukiwa umevaa nguo zote nyingine, maana likikubana litaikandamiza ile hewa uliyoilipia.

Njiani, anza kutembea ukihisi kibaridi kidogo, dakika chache baadaye mwili utachemka. Ukisimama, vaa jaketi papo hapo, usingoje kutetemeka. Ule wimbo wa "pole pole" wa waongozaji unasaidia hata hapa, kwa sababu mwendo wa taratibu hautoi jasho jingi. Seti moja kavu ya kulalia iwe ya kulalia tu.

Kichwani mzula. Mikononi, glavu zinazoweka vidole vinne pamoja zina joto kuliko za kidole kimoja kimoja. Soksi nene mbili ndani ya kiatu kinachobana ni kosa: damu haipiti, na vidole vinaganda zaidi.

Viatu nunua mapema na uvitembelee wiki kadhaa, hasa kwenye mteremko, maana wakati wa kushuka ndipo kucha hugonga mbele. Mfuko wa kulalia, jaketi zito na fimbo za kutembelea vinakodishwa Moshi; sioni sababu ya mtu wa Lindi kununua jaketi la nyuzi kumi chini ya sifuri kwa ajili ya wiki moja. Viatu usikodi. Na usijaze begi kwa woga: mzigo wa mpagazi, au mgumu kama wenyewe wanavyojiita, una kikomo cha kilo 20.

Kanga chukua. Haikupi joto, lakini inakinga vumbi shingoni na kumsitiri mtu penye uwazi usio na kichaka. Nguo za kileleni zifunge kwenye mfuko wa turubai usiopitisha maji, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.