Je, wajua? Mkusanyiko maarufu wa Joy Division karibu hauna wimbo hata mmoja wa albamu zao

Chukua santuri ya Substance ya Joy Division, bendi ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1988. Ina nyimbo kumi. Iweke kando ya albamu mbili za studio za bendi hiyo, Unknown Pleasures ya 1979 na Closer ya 1980, kisha tafuta nyimbo zinazojirudia. Utaupata mmoja tu, She's Lost Control, na huo nao si uleule: umerekodiwa upya, umerefushwa kwa takriban dakika nzima na kuongezewa ubeti. Zile tisa nyingine hazimo kabisa. Hata Love Will Tear Us Apart, wimbo ambao mtu asiyeijua bendi hii huenda ameshausikia mahali, haumo kwenye albamu yoyote kati ya hizo mbili.

Swali la kama mkusanyiko wa vibao huitendea haki bendi ni la siku nyingi, na mashabiki sugu wana jibu lao tayari: hapana, mkusanyiko ni wa wavivu, nenda kasikilize albamu. Kwa bendi nyingi wanasema kweli. Ila kwa hizi za posti-punki jibu hilo lina walakini, kwa sababu anayeshika albamu peke yake anaikosa nusu ya bendi.

Posti-punki ni nini? Punki ililipuka Uingereza mwaka 1976 na 1977: gitaa sahili, hasira, nyimbo za dakika mbili. Sex Pistols, bendi kinara ya punki, walipovunjika Januari 1978, vijana waliokuwa wamewashwa moto na fujo ile walikuwa wameshaanza kwenda njia zao. Wengine walichukua besi ya dabu, ile rege iliyochezewa studioni, kutoka Jamaika, wengine disko, wengine vinanda vya umeme vya Wajerumani. Bernard Sumner na Peter Hook walihudhuria onyesho la Sex Pistols mjini Manchester tarehe 4 Juni 1976. Kesho yake Hook akaenda kununua gitaa la besi. Hao ndio waliokuja kuwa Joy Division, pamoja na mwimbaji Ian Curtis na mpiga dramu Stephen Morris.

Kizazi hicho kiliichukulia singo, yaani wimbo unaotolewa peke yake kwenye santuri yake, kama kazi kamili, wala si tangazo la albamu. Uingereza ilikuwa na fikra, tangu enzi za Beatles, kwamba kumuuzia shabiki wimbo uleule mara mbili ni kumpunja. Juu ya hilo ukaja mfano wa bendi ya Buzzcocks, ambao Januari 1977 walikopa pauni 500 na kujitolea wenyewe santuri ndogo yenye nyimbo nne, nakala 1,000 za kuanzia. Ghafla ikaonekana kwamba huhitaji kampuni kubwa, wala huhitaji kusubiri mpaka uwe na nyimbo kumi. Una wimbo mmoja mzuri leo? Utoe leo. Joy Division walikuwa chini ya Factory, lebo ya Manchester iliyogawana faida na wanamuziki wake nusu kwa nusu, na pale hakukuwa na mtu wa kuwalazimisha kuweka kibao ndani ya albamu ili iuzike. Unknown Pleasures haikutolewa singo hata moja. Miezi michache baadaye wakatoa Transmission, wimbo mpya, peke yake.

Matokeo yake nyimbo zikatapakaa. Mfano unaonigusa zaidi ni Atmosphere. Wimbo huu ulitoka kwanza Ufaransa, Machi 1980, kwenye lebo ndogo iliyochapa nakala 1,578 tu. Fikiria: dramu nzito za mwendo wa mazishi, kinanda kilichotanda kama ukungu, sauti ya Curtis iliyotulia kuliko popote pengine, na watu wanaoweza kuumiliki hawajazi hata ukumbi mmoja mkubwa. Ulirudiwa kutolewa baadaye mwaka huohuo, baada ya Curtis kujiua tarehe 18 Mei. Lakini kilichoupa makao ya kudumu ni ule mkusanyiko wa 1988. Hapo huwezi kusema mkusanyiko umeinyonya bendi.

Sasa tugeuze upande wa pili, maana hasara nayo ipo.

Unknown Pleasures haina upande A na upande B. Upande mmoja umeandikwa Outside, yaani nje, na wa pili Inside, ndani. Prodyuza Martin Hannett aliijaza sauti ambazo hazitoki kwenye ala: mwanzo wa Insight unasikia lifti ya zamani ya studio waliyorekodia kule Stockport. Mwishoni kabisa mwa ule upande wa ndani kuna I Remember Nothing, karibu dakika sita, polepole, na katikati ya utupu ule unasikia kioo kikivunjika. Ukiuchomoa wimbo huo na kuupachika kati ya vibao viwili vya kasi, utaonekana mrefu na wa kuchosha. Unahitaji nyimbo tisa nyuma yake. Ndiyo maana wakusanyaji wa vibao huuruka, na wakifanya hivyo nawaelewa, lakini anayewategemea wao hatajua kamwe kwamba bendi hii ilikuwa na subira kiasi hicho. Closer ni vivyo hivyo: The Eternal na Decades zinaifunga albamu kama watu wanaotoka makaburini bila kusemezana.

Kwa hiyo Joy Division ni bendi mbili ndani ya jina moja, ya singo na ya albamu, na Substance inaitendea haki ya kwanza bila kujifanya inaijua ya pili. Ninayo shida zaidi na mikusanyiko ya baadaye, kama Permanent ya 1995, inayochanganya yote mawili. Inakupa nyimbo nzuri tupu, halafu ukimaliza hujui umesikiliza kitu gani.

Baada ya kifo cha Curtis waliobaki wakawa New Order, na mambo yakazidi kunoga. Wao walipenda singo ya inchi 12: sahani kubwa kama ya albamu lakini yenye wimbo mmoja kila upande, ikizunguka mara 45 kwa dakika, hivyo mifereji inapata nafasi na besi inashuka chini vizuri. Blue Monday ya Machi 1983 inakaribia dakika saba na nusu, na ganda lake lilitengenezwa kufanana na diski laini ya kompyuta. Albamu iliyofuata miezi miwili baadaye haikuuweka wimbo huo kwenye toleo lake la Uingereza. Inasimuliwa kwamba Tony Wilson, bosi wa Factory, alitaka tu kuzisikiliza singo hizo kwenye mashine mpya ya siidii garini mwake; ndipo ukazaliwa mkusanyiko wao wenyewe, nao ukiitwa Substance, mwaka 1987.

Humo ndimo utakapoona kisu cha mkusanyaji kinavyopita. Temptation na Confusion zilirekodiwa upya, na The Perfect Kiss ikapunguzwa ili siidii itoshe. Waliokulia na santuri za 45 za Nairobi wanaujua uchungu huo: wimbo wa rumba au benga ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza huku, ya pili kule, na mtu akikupigia ya kwanza peke yake amekuonyesha harufu ya pilau akafunga sufuria.

Anayedhulumiwa hasa, kwa maoni yangu, ni The Cure, bendi nyingine ya kizazi hicho. Mkusanyiko wao wa 1986, Standing on a Beach, una singo 13. Kati ya 1980 na 1982 walitoa albamu tatu za giza totoro, Seventeen Seconds, Faith na Pornography, ambazo kwa wengi ndizo roho ya bendi ile changa. Kila moja imepata wimbo mmoja tu humo. Upande wa pili umejaa vitu kama The Lovecats, vyepesi na vya kuchekesha. Ni mkusanyiko mtamu, sikatai, lakini msikilizaji mgeni anaweza kudhani mwimbaji wao, Robert Smith, alikuwa mtu wa mizaha aliyepitiwa na huzuni siku mbili tatu.

Halafu kuna The Fall ya Mark E. Smith, bendi iliyotoa albamu za studio zaidi ya 30 na kubadilisha wanamuziki kila kukicha. Ukifuata chati za Uingereza, singo zao zilizopanda juu zaidi ni There's a Ghost in My House, nafasi ya 30 mwaka 1987, na Victoria, nafasi ya 35. Zote mbili ni nyimbo za watu wengine! Mkusanyiko wao mzuri wa 2004 haukujali chati: siidii mbili, nyimbo 39, jina na ganda vikimdhihaki Elvis Presley, ambaye mkusanyiko wake wa zamani ulijigamba kwamba mashabiki wake milioni 50 hawawezi kukosea. Smith yeye alijihesabia 50,000.