Vita vya konsoli maana yake nini?

Vita vya konsoli ni jina la ushindani wa makampuni yanayotengeneza mashine za kuchezea gemu, hasa ule wa Sega na Nintendo nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Biashara zote hushindana, lakini huu ulistahili kuitwa vita kwa sababu mnunuzi hakuweza kukaa katikati. Kaseti ya gemu ya Nintendo haikuingia kwenye mashine ya Sega, na nyumba nyingi zilinunua mashine moja tu. Mtoto aliyenunuliwa Sega aliitetea shuleni kama timu yake ya mpira.

Nintendo, kampuni ya Kyoto iliyoanza na kutengeneza karata mwaka 1889, ndiyo iliyokuwa imelishika soko. Mashine yake ya NES ilikuwa na chipu ya kukataa kaseti zisizo na idhini. Watengenezaji wa gemu nao walibanwa kwa mikataba: wasitoe zaidi ya gemu 5 kwa mwaka, na gemu waliyoitoa kwa Nintendo wasiipeleke kwingine kwa miaka 2. Hapo ndipo Sega iliumia. Mashine ilikuwa nayo, gemu za kutosha hakuna.

Mwaka 1989 ikaleta Genesis ya biti 16 (biti ni kipimo cha uwezo wa chipu), wakati NES ilikuwa bado ya biti 8, na matangazo yake yakamtaja mpinzani kwa jina, waziwazi. Tom Kalinske, aliyewahi kuongoza Mattel, kampuni ya vitu vya watoto vya kuchezea, akashika uongozi wa Sega Marekani mwaka 1990. Alishusha bei, kisha akaweka gemu ya Sonic, mhusika wa Sega mwenye mbio, ndani ya boksi la mashine. Nintendo ilijibu mwaka 1991 kwa Super Nintendo.

Kwangu mimi, tukio linaloonyesha vizuri zaidi tofauti yao ni Mortal Kombat, gemu ya kupigana yenye damu, iliyotoka kwenye mashine zote mbili mwaka 1993. Katika toleo lake, Nintendo iliondoa damu ikaweka jasho la kijivu. Sega iliibakiza damu, ila ili ionekane mchezaji alipaswa kwanza kubonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu. Kaseti ya Sega ikauzwa zaidi. Desemba mwaka huohuo Seneti ya Marekani iliwaita wakubwa wa makampuni hayo kuhusu gemu za ukatili, nao wakashambuliana mbele ya maseneta. Alama za umri unazoziona kwenye maboksi ya gemu za Marekani zilianza mwaka uliofuata kutokana na mjadala huo.

Kwa hesabu ya dunia nzima Super Nintendo iliuzwa zaidi, takriban milioni 49. Lakini aliyewapita wote wawili ni Sony, iliyojenga mashine yake ya PlayStation baada ya Nintendo kuiacha katika mpango wao wa pamoja wa mashine ya CD. Sega ilitangaza mwaka 2001 kwamba inaacha kutengeneza konsoli, na kabla mwaka haujaisha Sonic alikuwa anakimbia ndani ya mashine za Nintendo.