Kabla ya kutundika kibao, chuchumaa

Kazi yangu ni kubuni maonyesho, na kifaa ninachokitegemea kuliko kompyuta ni katoni kuukuu. Naikata, nabandika maelezo niliyochapisha, naitundika ukutani kwa selotepu, halafu naketi kando niwatazame watu.

Tulipokuwa tukiandaa maonyesho madogo ya vyombo vya maziwa hapa Nairobi, niliandika maneno 140 kuhusu kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Nilitaja jamii, mahali na umri wake. Akaja mama mmoja, akaruka maandishi yote, akasogeza pua hadi kwenye kioo. Alitaka kujua kama kibuyu bado kinanukia moshi. Moshi sikuutaja popote!

Usiku huo nilifuta kila kitu. Kibao kipya kilianza hivi: "Umewahi kunywa mursik? Ile rangi ya kijivu hutoka humu ndani." Pembeni tukaweka kibuyu kingine, cha kununua sokoni, ili watu wakishike, wakifungue, wakinuse. Kesho yake baba mmoja alikishika na kumwonyesha bintiye jinsi kijiti cha mti wa senetwet kilichochomwa kinavyosuguliwa ndani hadi masizi yashike. Alieleza vizuri kuliko mimi, na waliokuwa karibu wakasogea kusikiliza. Hicho ndicho ninachokitafuta: mgeni aanze na anachokijua mwenyewe.

Chukua Mvulana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale iliyogunduliwa na Mkenya Kamoya Kimeu mwaka 1984 kule Nariokotome, karibu na Ziwa Turkana. Umri wa mabaki yake, kama miaka milioni 1.5, haumshiki mtoto wa darasa la tatu. Lakini meno yanaonyesha alikufa akiwa na miaka kama 8 au 9, na tayari alikaribia sentimita 160. Mchoree mtoto mstari ukutani kwenye kimo hicho, mwambie asimame chini yake. Maswali yatakuja yenyewe.

Ndiyo maana nachuchumaa mbele ya kila kabati la kioo kabla taa hazijafungwa moja kwa moja mahali pake. Nikiwa nimesimama naona kitu chenyewe. Nikishuka hadi kimo cha mtoto, mara nyingi naona balbu tu, imeng'aa kwenye kioo. Hapo namwita fundi wa umeme naye achuchumae, na hatuinuki mpaka ile balbu ipotee machoni petu wote wawili.