Kwa nini mashabiki wa metali hugongana mbele ya jukwaa lakini hawapigani?

Mgeni akifika kwa mara ya kwanza kwenye tamasha dogo la metali, ile roki nzito ya magitaa, Nairobi, bendi mbili za mwanzo huzivumilia vizuri tu. Anasimama pembeni na soda yake, anatikisa kichwa kidogo, anashangaa wingi wa fulana nyeusi. Kisha inapanda bendi ya tatu, gitaa linaanza kunguruma, na katikati ya uwanja vijana kama ishirini wanaanza kugongana mabega kwa nguvu zao zote. Mmoja anaanguka. Mgeni anamtafuta baunsa kwa macho na kumkuta ameegemea ukuta, anakula smokie, hana habari.

Baunsa anajua anachokifanya. Kabla mgeni hajaiweka soda chini, aliyeanguka ameshashikwa makwapa, ameinuliwa, amepigwa kofi la mgongoni na amerudi kugongana. Wimbo ukiisha, wale wale waliokuwa wakirushana wanakumbatiana na kuulizana kama kuna aliyeumia. Msukumano wa aina hiyo ukitokea kwenye steji ya matatu saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha, ngumi zingeruka. Mbona hapa haziruki?

Mahali hapo pa kugongania mashabiki hupaita piti. Mtindo wenyewe ulianzia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye maonyesho ya panki kali, roki ya kasi na kelele, huko California na Washington, D.C., na kufikia katikati ya muongo huo watu wa metali walikuwa wameshauchukua. Miongoni mwa bendi zilizoujenga muziki huo wa Washington ni Bad Brains, vijana weusi, Marasta, waliochanganya panki ya kasi na rege. Nalitaja hili kwa sababu kila anayesikiliza metali Nairobi ameshaulizwa na shangazi yake, au mwenzake wa kazini, kwa nini anapenda "muziki wa wazungu". Shangazi mwenyewe mpe Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji mweusi wa injili wa Marekani aliyekuwa akilingurumisha gitaa la umeme kabla Elvis Presley hajarekodi wimbo wowote. Akisikia injili atalainika.

Nairobi nayo ina historia yake. Kulikuwa na X FM kwenye masafa ya 105.5, redio ambayo wengi wetu ndiyo iliyotufundisha roki. Bendi kama Last Year's Tragedy na Seeds of Datura zililea kizazi kizima cha mashabiki, Crystal Axis wakaja na panki isiyoogopa siasa, na mwaka 2020 Duma, jamaa wawili waliotoka kwenye bendi za metali za jiji hili, wakatoa albamu kupitia lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliyowafikisha hadi majukwaa ya Ulaya. Hata hivyo hii imebaki kuwa jamii ndogo, na udogo huo ni sehemu kubwa ya jibu. Nitaurudia.

Tuanze na mwili. Metali ikipigwa kwenye simu haimfanyi mtu amgonge jirani yake. Mbele ya spika mambo hubadilika, wala si kwa sababu ya bia peke yake. Ndani ya sikio, kando ya sehemu inayosikia, kuna viungo vidogo vinavyouarifu ubongo kama mwili umesimama wima au unayumba. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uingereza, Neil Todd na Frederick Cody, walieleza kwamba muziki wenye besi ukizidi takriban desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) huweza kukiamsha kimoja cha viungo hivyo. Yaani sauti inafika mahali ambapo kwa kawaida panashughulika na mwendo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walifanya jaribio kwenye onyesho halisi: waliwasha na kuzima spika za besi ya chini mno, besi ambayo wachezaji hawakuweza hata kuitambua. Spika zikiwashwa, watu walisogea karibu asilimia 12 zaidi. Hawakujua ni kwa nini.

Aliyewahi kukaa kiti cha nyuma cha matatu ya Rongai hahitaji utafiti. Besi ile huisikii, unaikalia.

Bendi za metali zinaijua siri hii na kuitumia bila huruma. Zinapiga kwa kasi ya kukimbizana, kisha ghafla zinapunguza mwendo, na gitaa, besi na ngoma zinaangukia pamoja kwenye mdundo mzito wa polepole. Sehemu hiyo huitwa brekidauni, na ndipo piti hufunguka. Mwimbaji hana haja ya kusema lolote, ingawa wengi hawawezi kujizuia: "Fungueni hapo katikati!"

Sasa, kwa nini vurugu hiyo haigeuki vita? Mtu aliyelitazama jambo hili kwa jicho la kipekee ni Jesse Silverberg, aliyekuwa akisomea fizikia Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani na ambaye ni shabiki wa metali. Siku moja alimpeleka mpenzi wake kwenye onyesho, akaamua kukaa naye pembeni asije akaumizwa, na kwa mara ya kwanza akaitazama piti kutoka nje. Alichokiona kilimkumbusha darasani: chembe za gesi zinazogongana bila mpangilio. Yeye na wenzake wakachukua video za maonyesho kutoka YouTube, wakapima kasi ya watu waliomo ndani ya piti, na mwaka 2013 wakachapisha matokeo kwenye jarida la Physical Review Letters. Kasi hizo zilijigawa kwa namna ile ile ambayo wanafizikia wa karne ya 19, Maxwell na Boltzmann, waliitumia kueleza mwendo wa gesi.

Funua sufuria ya githeri inayotokota utaelewa. Kila punje inapanda, inashuka, inaigonga ya jirani, lakini githeri haiendi popote. Ndani ya piti hakuna anayemwelekea mtu fulani, na hapo ndipo ilipo tofauti na ugomvi. Ugomvi huanza pale msukumo unapokuwa na anwani. Kwenye steji ya matatu wote tunaelekea mlango mmoja, na anayenisukuma ananinyang'anya kiti. Kwenye piti hakuna kiti. Bega lililonigonga lingemgonga yeyote ambaye angekuwa hapo, na mwili unalijua hilo haraka kuliko akili.

Kina Silverberg hawakuishia hapo. Walitengeneza umati wa kompyuta wenye watu wa aina mbili, wachangamfu na watulivu, wakawaacha wagongane. Wachangamfu wakajikusanya katikati, watulivu wakabaki wamewazunguka, bila kiongozi na bila kuelekezwa. Ndiyo maana mwenye soda yake huweza kusimama hatua chache tu kutoka kwenye ghasia na asiguswe sana. Watafiti walipozidisha ile tabia ya kila mmoja kumfuata jirani, ghasia ikageuka kuwa mduara wa watu wanaokimbia, jambo ambalo kila shabiki ameshaliona kwa macho yake.

Kuna kichekesho kwenye miduara hiyo. Katika video walizotazama, mingi mno ilizunguka kinyume cha saa. Watu wa kompyuta hawakuwa na upendeleo wowote, kwa hiyo sababu imo kwenye miili yetu. Watafiti walidhani huenda inatokana na wengi wetu kutumia zaidi mkono na mguu wa kulia. Wakimbiaji wa Nyayo na Kasarani nao huzunguka hivyo hivyo, ndivyo riadha inavyotaka. Magari yetu kwenye raundabauti huenda upande wa pili. Ukijikuta ndani ya mduara gizani, basi, sahau mazoea ya barabarani.

Lakini fizikia ina mwisho wake. Chembe ya gesi haimwinui mwenzake.

Piti ina sheria ambazo hazijabandikwa ukutani na ambazo kila mtu anazijua baada ya nyimbo mbili. Mtu akianguka, walio karibu husimama na kumkinga hadi ainuke. Ngumi haziruhusiwi, wala kiwiko kilichonyoshwa kwa makusudi. Aliyesimama pembeni amefunga mikono kifuani haburutwi ndani. Na kitu kikianguka, kiwe kiatu, miwani au simu, anayekipata hukiinua juu ya vichwa hadi mwenyewe ajitokeze. Hilo la simu ndilo linalowaacha Wanairobi vinywa wazi. Katika jiji ambalo ukipita Barabara ya Tom Mboya unaificha simu yako hadi soksini, kumwona jamaa aliyeloa jasho akiinua simu ya maelfu ya shilingi na kupaza sauti "Ni ya nani hii?" ni jambo la kumsimulia jirani.

Anayezivunja sheria hutolewa, na mara nyingi baunsa ndiye wa mwisho kupata habari. Bendi nazo husaidia: Fugazi wa Washington walijulikana kwa kusimamisha wimbo, kumwita mkorofi kwa ishara na kumtoa nje huku wakimrudishia kiingilio chake. Nisije nikaonekana ninasifu tu. Wapo wanaofika wamelewa na kudhani piti ni ruhusa ya kumpiga mtu, na wapo wanaotumia giza na msukumano kumpapasa msichana. Hao ni wa kutajwa papo hapo, kwa sauti, na tamasha ambalo waandaaji wake hulipuuza hilo halistahili kiingilio chako.

Wengi hudhani muziki wenyewe ndio unaowatia watu hasira. Mwaka 2015 Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachukua mashabiki 39 wa muziki mzito wenye umri wa miaka 18 hadi 34, wakawakumbusha mambo yanayowaudhi hadi wakakasirika, kisha wakawaacha baadhi wasikilize muziki wao na wengine wakae kimya. Muziki haukuwaongezea hasira. Walitulia sawa na wale waliokaa kimya, na zaidi ya hapo walitoka wakijihisi wamepata nguvu mpya.

Sasa ule udogo. Kwenye maonyesho ya metali Nairobi, bustani ya baa au ukumbi wa kukodi huweza kujaza watu mia moja na bado ikaitwa siku nzuri. Bendi tano huazimana seti moja ya ngoma. Uliyemgonga saa mbili usiku utamwona saa tatu yuko jukwaani na gitaa la besi, na mwezi ujao mtakutana tena, kwa sababu hakuna pengine pa kwenda. Kwa maoni yangu, hilo linalinda kuliko walinzi wowote. Ni vigumu kumpiga ngumi mtu ambaye atakuwa kwenye kila tamasha utakalohudhuria mwaka mzima.

Udogo unalinda kwa njia nyingine pia, na hii ni ya hesabu. Mtaalamu wa umati John Fruin aliandika kwamba watu wakifikia takriban saba katika mita moja ya mraba, umati huanza kutiririka mithili ya maji na hakuna mtu anayeweza kujiamulia pa kwenda. Hali ya namna hiyo ndiyo inayoua. Mwaka 2000 watu 9 walifariki kwenye tamasha la Roskilde, Denmark, na mwaka 2021 wengine 10 kwenye Astroworld mjini Houston. Kilichowaua ni kubanwa hadi kukosa pumzi, si mabega ya kuchezea. Piti haiwezi hata kuwepo pale, maana inahitaji nafasi ya kurudi hatua mbili nyuma. Kwangu mimi, uwanja ambao katikati yake bado panafunguka duara unatia wasiwasi mdogo kuliko ule ambao huwezi kuinua mkono kujikuna pua.

Ukitaka kuingia, funga kamba za viatu mara mbili, mwachie rafiki miwani na begi, na uweke mikono mbele ya kifua viganja vikiwa wazi. Kaa ukingoni kwanza, uwasukume kwa upole wanaorudishwa kwako. Shingo nayo ina mipaka yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kwenye jarida la kitabibu la BMJ ulikadiria kwamba hatari ya kuumia shingo kwa kurusha kichwa mbele na nyuma kufuata mdundo huanza kwenye midundo 130 kwa dakika, na wimbo wa wastani wa kurushia kichwa una midundo 146. Rusha kichwa mdundo mmoja na uuache wa pili.

Kinachoumia zaidi ya yote ni masikio, na hayo hayana wa kuyainua. Kwa vipimo vya afya kazini vya Marekani, mtu anaweza kukaa kwenye desibeli 85 kwa saa nane. Kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hukatwa nusu, hivi kwamba kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa kumbi usizidi hizo 100. Bendi ya metali chini ya paa la mabati hufika hapo kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Vizibo vya povu hupatikana kemisti, na bei yake haifikii nauli ya teksi ya kukurudisha nyumbani usiku huo. Vinapunguza sauti bila kuizima, kwa hiyo gitaa litanguruma vile vile, na ile besi ya chini mno itaendelea kukufikia kupitia kifuani na miguuni.